Arusha au Moshi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaotaka kuhamia Kaskazini

Wanaouliza ni wengi: mwalimu aliyepata uhamisho, wenzi waliochoshwa na joto la Dar es Salaam, mstaafu anayetafuta pa kujenga, kijana anayetaka kuingia kwenye utalii. Nimeishi miji yote miwili na ninaipenda yote, lakini msimamo ninao. Arusha ni mji wa kutafutia, Moshi ni mji wa kukaa. Mengi utakayosoma hapa chini yanatoka kwenye tofauti hiyo.

Kutoka mji mmoja hadi mwingine ni mbali kiasi gani?

Kama kilomita 80. Ukitoka Arusha unapita Tengeru, Usa River, Kikatiti, njia panda ya KIA na Boma Ng'ombe, halafu unaingia Moshi. Kwa Costa hesabu saa moja na nusu hadi mbili. Gari linaweza kukimbia kuliko hapo, lakini barabara inapita katikati ya makazi, vibao vya 50 ni vingi, na trafiki wanajua pa kusimama. Kipande cha Sakina hadi Tengeru kilipofanywa njia nne, kutoka Arusha kukawa rahisi zaidi. Uwanja wa ndege wa KIA, uliofunguliwa 1971, uko katikati ya njia, kwa hiyo kwa upande wa ndege hakuna mji unaoushinda mwenzake.

Moshi nayo ni jiji?

Bado ni manispaa. Arusha ndiyo jiji. Sensa ya 2022 ilikuta watu zaidi ya laki sita Arusha na laki mbili na ushee Moshi. Viongozi wa Moshi wameiombea hadhi ya jiji kwa miaka mingi, na kikwazo kimojawapo ni eneo: manispaa nzima haifiki kilomita za mraba 60. Mimi naona udogo huo ni neema. Mtu mwenye miguu mizima anatoka stendi kuu hadi Shantytown bila kupanda chochote, na njia nzima ana kivuli cha miti.

Kama ziko karibu hivyo, kwa nini tabia zao ni tofauti?

Kwa sababu zilizaliwa kwa shughuli tofauti.

Moshi ni mtoto wa kahawa. Reli kutoka Tanga ilifika hapo kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na wakulima wa Kichaga walianza kujipanga mapema: chama chao cha kwanza cha kahawa ni cha 1925, na 1933 ikaundwa KNCU, ushirika ambao jengo lake bado limesimama katikati ya mji. Chuo cha Ushirika kilifuata 1963, na leo ni Chuo Kikuu cha Ushirika. Mkulima alishuka na kahawa yake, akalipwa, akalipa ada ya mtoto, akanunua sukari na mafuta ya taa, akapanda kurudi kwenye kihamba chake, yaani shamba la ukoo. Mji ulikuwa wa kumhudumia mtu wa mlimani, na kwa kiasi kikubwa bado uko hivyo. Muulize mtu wa Moshi kwao ni wapi, hatakutajia Majengo wala Pasua, hata kama amezaliwa hapo. Atakwambia Kibosho, Uru, Machame, Marangu, Old Moshi, Rombo. Mjini anafanya kazi. Kwao ni juu.

Arusha ilianza na boma la Wajerumani lililojengwa 1900, mwaka uleule walipomnyonga Mangi Meli, mtawala wa Kichaga, kule Old Moshi. Reli iliifikia 1929. Kilichoikuza hasa ni mikutano na taasisi. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ikaweka makao yake makuu hapo. Jumuiya ilivunjika 1977, na majengo iliyoyaacha yakawa kituo cha mikutano cha AICC. Mahakama ya kimbari ya Rwanda ilikaa hapo hadi 2015. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa saini Arusha Novemba 1999, na Agosti 2000 Nelson Mandela akawasimamia Warundi katika kusaini mkataba wao wa amani katika mji huohuo. Kila tukio lilileta wakalimani, madereva, wapishi, wenye nyumba za wageni, wafanyabiashara, na wengi wao hawakuondoka. Waarusha na Wameru ndio wenyeji, lakini mtaa mmoja wa Sombetini au Ngarenaro unakukutanisha na Mpare, Mrangi, Mwiraqw, Mnyaturu, Msomali na Mchaga aliyekuja kutafuta kama wewe.

Ndiyo maana Arusha inakupokea haraka na kukusahau haraka. Machalii wa Arusha wanakuzoea siku ya kwanza, mnaitana majina, mnafanya biashara. Moshi watakusalimia kwa adabu kila asubuhi na itachukua muda kabla hujaalikwa ndani, ila ukishaalikwa, umekuwa mtu wa nyumba hiyo.

Hali ya hewa je?

Arusha iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi na Moshi iko chini sana ya hapo, kati ya 800 na 900. Arusha mwezi wa saba ni sweta asubuhi, koti jioni, na maji ya kuoga lazima uyachemshe. Moshi miezi ya Januari na Februari joto linakaa ndani ya nyumba hadi usiku wa manane. Kwa kifua na mifupa ya wazee, Moshi ni bora. Kwa anayechukia jasho, Arusha.

Ni kweli Moshi ni safi kuliko Arusha?

Ni kweli, na wala si maneno ya majivuno. Moshi imechukua tuzo za usafi za kitaifa kwa miaka mingi, na faini za kutupa taka zinatozwa kweli, hata kwa abiria anayerusha chupa dirishani. Utamsikia kondakta akiwakanya abiria basi linapokaribia mjini: jamani, takataka shikeni mkononi, tunaingia Moshi. Mgeni anadhani anataniwa mpaka aone kila mtu ameshika ganda lake la ndizi.

Faini peke yake haielezi jambo hili. Mji ni mdogo, kwa hiyo gari la taka linafika. Na watu wa Moshi wanauonea fahari usafi wao kiasi kwamba muuza karanga atakukanya kabla ya mgambo. Arusha ina mitaa safi sana, kama ile ya AICC na sehemu kubwa ya Njiro, lakini jiji linakua kwa kasi kuliko huduma zake. Pita Unga Limited au pembeni mwa soko la Kilombero baada ya mvua utaelewa. Wapo Arusha wanaojitahidi sana, nawaheshimu, ila kazi yao ni kubwa mara tatu.

Nimesikia maji ya Arusha yanaharibu meno. Nihofie?

Usihofie, ila ulichukulie kwa uzito, hasa kama una watoto wadogo. Miamba ya volkano ya Mlima Meru inatoa floraidi nyingi kwenye chemchemi na visima. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi kuzunguka Meru vinapita kiwango hicho kwa mbali. Meno ya kahawia unayoyaona kwa watu waliokulia Ngarenanyuki au Oldonyosambu yametokana na hayo, na si kwamba hawapigi mswaki. Inaniuma kuona kijana mzuri anafunika mdomo akicheka kwa aibu ya kitu ambacho hakukitaka. Na kiwango kikiwa kikubwa sana kwa miaka mingi, hata mifupa inaathirika.

Mambo ya kuzingatia ni haya. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapungua, floraidi inabaki palepale. Hatari kwa meno ni utotoni, meno ya ukubwani yanapokuwa bado yanajengeka ndani ya fizi, kwa hiyo mtu mzima aliyehamia ukubwani meno yake hayatabadilika rangi. Kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi kwa miaka mingi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na vichujio vya aina hiyo vinatumika majumbani na mashuleni. Mjini hali inatofautiana kata kwa kata kulingana na chanzo, na mradi mkubwa wa maji wa miaka ya karibuni umeongeza vyanzo vipya. Kabla ya kupanga nyumba, waulize majirani maji ni ya mamlaka au ya kisima cha mwenye nyumba. Kama ni ya kisima na una mtoto chini ya miaka minane, mnunulie maji ya kunywa na kupikia uji. Gharama hiyo iingize kwenye bajeti tangu mwanzo.

Moshi haina shida hiyo kwa kiasi hicho. Inakunywa chemchemi za Kilimanjaro kama Nsere na Shiri.

Kazi na biashara ziko wapi?

Arusha, bila ubishi. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapo, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iko hapo, TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, iko hapo, na kampuni nyingi za safari za Serengeti, Ngorongoro, Tarangire na Manyara zinaanzia hapo. Ongeza viwanda, mashamba ya maua na mboga ya kuelekea Usa River, na madalali wa tanzanaiti, ingawa serikali iliamua biashara ya mawe hayo irudi Mererani yanakochimbwa.

Tahadhari ni moja: Arusha inakula kwa msimu. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi, halafu tena sikukuu za Desemba hadi Februari, dereva wa watalii hana siku ya kupumzika, na fundi magari, dobi, muuza mkaa na mama ntilie wote wanaona hela. Aprili na Mei, mvua za masika zikishika, mji mzima unapiga miayo. Mwaka 2020 wa korona ulionyesha jinsi mnyororo huo ulivyo mrefu: wageni walikatika, na vibanda vya chipsi ambavyo havijawahi kuuza hata sahani moja kwa mzungu vikafungwa. Anayeingia kwenye biashara Arusha aweke akiba ya miezi miwili mikavu kila mwaka.

Moshi inatembea polepole na kwa uhakika zaidi. Kuna hospitali ya KCMC na vyuo, kuna kiwanda cha kukoboa kahawa, mnada wa kahawa, kiwanda cha soda, viatu vya ngozi pale Karanga, na sukari ya TPC kusini mwa mji. Na kuna mlima. Vijana wengi wa Moshi ni wagumu, yaani wale wanaobeba mizigo ya wapandaji wa Kilimanjaro. Ni kazi ya heshima na ya hatari, malipo yake yanategemea sana uadilifu wa kampuni na bakshishi, na mtu akikwambia ni kazi ya watu waliokosa shule, mwambie akabebe yeye kilo 20 hadi kambi ya Barafu huko mlimani kisha aongee.

Kodi ya nyumba ikoje, na nikae mtaa gani?

Arusha ni ghali zaidi, hasa Njiro, Sakina, Ilboru, Sekei na Moshono, kwa sababu unashindania nyumba na watu wa mashirika na wa utalii. Wa kipato cha kawaida wanakwenda Muriet, Olasiti, Kwa Mrombo na Ngaramtoni. Kata hizi mpya zina viwanja na hewa, lakini chunguza barabara na makorongo. Korongo linaloonekana kavu mwezi wa tisa linaweza kukata njia ya kwenda shule mwezi wa nne.

Moshi, wenye nacho wanakaa Shantytown. Rau, Longuo na Soweto ni mitaa mizuri ya familia, Majengo na Pasua ni ya bei nafuu na yenye watu wengi. Ukitaka kununua kiwanja jiandae: mlimani ardhi ni vihamba vya ukoo, haviuzwi ovyo, na mjini nafasi imekwisha, kwa hiyo wengi wanajenga kuelekea tambarare au Boma Ng'ombe.

Kote kuwili mwenye nyumba atataka miezi sita mbele, wakati mwingine mwaka, na dalali atataka kodi ya mwezi mmoja. Usimlipe mtu kabla hujaingia ndani ya nyumba na kufungua bomba.

Usafiri wa ndani?

Arusha kuna vifodi (daladala ndogo), bajaji na bodaboda, na foleni ya asubuhi kuingia katikati ya mji. Moshi kuna hivyohivyo, foleni kidogo sana.

Kuna treni pia. Ilirudi Moshi Desemba 2019 na Arusha Oktoba 2020, baada ya miaka mingi ya kimya. Ni ya kwenda Dar es Salaam kwa mwenye muda, na mandhari yake yanastahili kupandwa angalau mara moja.

Nikiugua?

Hapa Moshi inashinda. KCMC, iliyofunguliwa 1971, ndiyo hospitali ya rufaa ya kanda nzima ya Kaskazini. Mgonjwa wa Arusha mwenye tatizo zito anaanzia Mount Meru au hospitali nyingine ya hapo, kisha anaandikiwa rufaa na kusafirishwa kilomita hizo 80. Anayekaa Longuo anaifikia kwa miguu. Kwa mzazi mwenye mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu, au mzee mwenye kliniki kila mwezi, hili pekee linatosha kuamua.

Shule na vyuo?

Hutakosa kokote. Kilimanjaro ina historia ndefu ya elimu ya misheni na inaonekana hadi leo. Kwa vyuo, Arusha ina Chuo cha Uhasibu, Chuo cha Ufundi na Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru. Moshi ina chuo cha madaktari cha KCMC, Ushirika na Mwenge, na juu kidogo ya mji kuna Mweka, wanakosomeshwa watunza wanyamapori wa Afrika nzima tangu 1963.

Chakula?

Swali nilipendalo. Nenda soko la Mbuyuni, Moshi, asubuhi mapema. Akina mama wanashuka na mikungu kutoka Uru na Kibosho, na hapo utajua kwamba ndizi si kitu kimoja. Ukisema tu "nipe ndizi", mama atakutazama akikusubiri umalize. Za mtori au za machalari? Hizo ni mshare. Za kukaanga ni mzuzu. Za kuivisha ni nyingine, za mbege, ile pombe ya ndizi, ni nyingine tena. Atakuminyia moja mbele yako, aivunje ncha, akuonyeshe utomvu unavyotoka, kwamba imekatwa jana jioni na si juzi. Mtori wa Moshi, wa ndizi na nyama zilizopondwa mpaka ukakaa laini, unaliwa na mama aliyejifungua na unaliwa na dereva wa lori saa moja asubuhi, na wote wawili wanaridhika.

Arusha ni mji wa nyama. Kwa Mrombo jina lake limeenea kwa nyama choma, na wikendi utakuta magari yamepangana. Waarusha wana loshoro, mahindi na maziwa, chakula cha kushiba kweli, na ninasikitika kwamba kinapatikana kwenye migahawa michache kuliko kinavyostahili.

Mimi si Mchaga. Moshi nitakaa kwa amani?

Utakaa. Wapare, Wasambaa, Wahindi na watu wa bara wako Moshi tangu enzi za reli. Utakachokiona ni kwamba mambo ya maana hayafanyiki mjini. Jirani yako akifiwa, mazishi ni kihambani, kwa hiyo Jumamosi utapanda gari na wenzako kwenda Kirua au Mwika, utasimama mgombani kwenye matope, na utaona ukoo mzima umetajwa kwa majina. Nenda. Mgeni anayekwenda msibani mlimani hahitaji utambulisho mwingine.

Desemba kunakuwaje?

Wachaga wanarudi kutoka kila kona ya nchi. Wenyewe wanataniwa kwamba wanakwenda kuhesabiwa. Nauli zinapanda, tiketi za kutoka Dar zinaisha mapema, Moshi inajaa magari yenye namba usizozizoea, na mlimani kila nyumba ina mbuzi na mbege. Arusha wakati huohuo inapungua watu wake na kujaa wageni wa utalii. Kama huna kwenu kule juu, weka akiba ya chakula kabla ya tarehe 20 na ufurahie.

Usiku kuna usalama?

Moshi inalala mapema. Saa nne mitaa ya katikati ni kimya, na hatari ni ndogo ukitumia akili ya kawaida. Arusha ina usiku mrefu wenye raha na wenye vibaka. Tumia bodaboda wa kijiweni unayemfahamu, usitembee peke yako na simu mkononi, hasa sehemu zisizo na taa.

Kilimanjaro inaonekana vizuri kutoka mji gani?

Moshi, alfajiri na kabla ya magharibi, mawingu yakikubali. Arusha mlima wako ni Meru.

Naweza kukaa Moshi nikafanya kazi Arusha?

Kila siku, hapana. Saa tatu au nne barabarani zitakumaliza ndani ya muda mfupi. Lakini wapo wanaofanya hivi: familia inakaa Moshi, baba au mama anapanga chumba Arusha Jumatatu hadi Ijumaa. Kwa mtu wa safari, ambaye hata hivyo yuko porini wiki nzima, mpango huu una mantiki kubwa, na watoto wanakunywa maji mazuri.

Nikitaka kuja kukagua kabla ya kuhama, nije mwezi gani?

Usije Septemba, kila mahali panapendeza. Njoo Arusha mwezi wa saba uone kama baridi utaiweza, na Moshi Februari uone kama joto litakuacha ulale. Ukiwa na nafasi ya safari moja tu, njoo Aprili mvua ikiwa imeshika, na uende hadi mlangoni kwa nyumba unayoitaka kwa njia ileile utakayokuwa unapita kila siku.